Mipira ya kriketi: Dukes, Kookaburra, SG na ule mweupe, upi unampa bola haki yake?

Mjadala wowote wa kriketi siku hizi utakuta kilio ni kilekile, mabola (warusha mpira) wanaonewa, wapigaji wanabebwa, mabati ya kupigia yamekuwa manene, baundari (mpaka wa kiwanja) zimesogezwa ndani, pichi (ule ukanda mpira unapotua) zimelainishwa. Yote hayo yana ukweli wake na sibishi. Ila kuna kitu watu wanakipita juu juu na kwangu mimi ndo chenye nguvu kuliko vyote, nacho ni mpira wenyewe. Nani kautengeneza, umeshonwaje, unadumu ova ngapi (ova moja ni mirusho sita) kabla haujafa, hapo ndo inaamuliwa kama tutaangalia mapambano au tutaangalia bola wa watu akipigwa mpaka unamhurumia. Kwa hiyo wakuu hii ni riviu ya mipira, naipitia mmoja mmoja kama bidhaa, na swali langu kwa kila mmoja ni hilohilo tu, bola ananufaika nini na mpira huu?

Kwanza tukumbushane hali ilivyo. Juni 2022 Uingereza walienda Amstelveen wakawapiga Uholanzi rani (pointi) 498 kwa wiketi 4, yaani wapigaji wanne tu walitolewa, ova 50. Aprili 2024 kwenye IPL, ligi ya India ya ova 20, Sunrisers Hyderabad wakaweka 287 ndani ya ova 20, na Royal Challengers Bengaluru waliokuwa wanafukuzia wakafika 262 na bado wakapoteza. Oktoba mwaka huohuo Zimbabwe wakaipiga Gambia 344, T20 hiyo jamani, ova 20! Mtu aliyeanza kufuatilia kriketi zamani anajua kulikuwa na enzi ukipiga 250 kwenye ova 50 unalala usingizi mzuri, sasa hivi 250 inafukuziwa kwenye ova 20 na watu hawashtuki.

Kuhusu mabati nitasema kwa kifupi kwa sababu hilo angalau limewekewa kikomo, MCC, klabu ya London inayotunza sheria za kriketi, mwaka 2017 walisema ukingo wa bati usizidi milimita 40 na unene wake usizidi 67. Sawa. Upande wa mpira sheria inataja uzito na mzingo, gramu kama 156 mpaka 163 kwa wanaume, mzingo sentimita 22.4 mpaka 22.9, basi. Mshono unyanyuke kiasi gani, ngozi ipakwe nini, hayo kila kiwanda kina mapishi yake na ndo maana mipira mitatu yenye uzito uleule inakupa kriketi tatu tofauti kabisa.

Ambaye hajawahi kuushika mpira mpya wa kriketi aelewe kitu hiki. Ndani kuna koki, imezungushiwa nyuzi zikakazwa kwelikweli, juu ngozi. Ule wa daraja la juu ngozi yake ni vipande vinne, na katikati unapita mshono wenye mistari sita ya uzi, mitatu kila upande. Ukipitisha kidole gumba juu ya ule mshono unausikia, kuna mpira mshono wake unakukwaruza na kuna mpira mshono unateleza kama haupo. Hiyo tofauti ndogo ya kidole gumba ndiyo baadae inakuja kuwa wiketi au rani nne. Bola anausimamisha mshono wima, anauelekeza kidogo slipi (wadakaji waliosimama nyuma ya mpigaji), upande mmoja unang'aa na mwingine umechakaa, mpira ukienda hewani upepo unashikana nao tofauti kila upande basi unapinda, hiyo ndo swingi. Ukitua kwa mshono unaweza kukata ndani au nje na hata bola mwenyewe hajui utaenda wapi. Ukizeeka na bola ana kasi, ya kilomita 140 hivi kwa saa, unaanza kupinda kinyume, hiyo ndo rivasi swingi. Na spina, bola wa polepole anayeuzungusha mpira, naye anataka mpira uliopoteza ule ung'avu ili vidole vishike.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, mpira mzuri ni ule unaozeeka vizuri. Ukiwa mpya uwape kazi watu wa swingi, ukifika katikati uwape maspina, ukichoka uwape watu wa kasi na rivasi yao. Mpira wa hivyo kila bola anapata saa yake na mpigaji kila saa ana mtihani mpya. Mpira unaokufa mapema unamwacha bola mikono mitupu siku nzima.

Tuanze na Dukes. Huu ni wa Waingereza, jina lake lipo tangu 1760, unatumika Test (mechi za siku tano) za Uingereza na West Indies. Mistari yote sita ya mshono inashonwa kwa mkono na unausikia kabisa, umesimama na unabaki umesimama muda mrefu. Ngozi yake ukiisugua kwenye suruali inang'aa tena na tena, na ndo maana James Anderson na Stuart Broad, mabola wa Uingereza, walikuwa wanaweza kurudi ova ya 50 huko na mpira bado unaongea. Kama wewe ni bola wa swingi, hakuna mpira utakaoupenda kuliko huu, mimi nakwambia. Hata ule wa pinki wa Dukes, wa Test za usiku, ulionyesha ulivyo Julai 2025 pale Kingston, Mitchell Starc wa Australia akachukua wiketi 6 kwa rani 9, Scott Boland akapiga hatriki (wiketi tatu kwa mirusho mitatu mfululizo), West Indies nzima ikatoka kwa rani 27. Rani 27! Hapo hata mi mpenzi wa mabola nasema ilizidi, mpira huo ukimpa mtu kama Starc, mpigaji hana pa kushika.

Lakini Dukes ya msimu wa 2025 iliwaudhi watu na nataka niieleze vizuri kwa sababu ndo somo kubwa la riviu hii. Ile seri ya Uingereza na India mipira ilikuwa inalainika na kupoteza umbo mapema, kila saa wachezaji wanampelekea ampaya (mwamuzi) mpira akaupime. Ampaya ana kile kifaa chenye pete mbili za chuma, mpira unatakiwa upite kwenye pete kubwa na ukwame kwenye ndogo, ukishindwa unabadilishwa na kuletwa mwingine uliotumika kiasi hichohicho. Sasa angalia Lord's, siku ya pili asubuhi. India wana mpira mpya wa pili, Jasprit Bumrah anamng'oa Ben Stokes stampu (vile vijiti vitatu nyuma ya mpigaji), anamng'oa Joe Root, halafu Chris Woakes anadakwa nyuma, Uingereza 271 wiketi 7 na mpira unafanya kila anachoutuma. Halafu ukaonekana umeharibika umbo, ova kumi na kitu tu, India wakaomba ubadilishwe, ukaletwa mwingine. Kepteni Shubman Gill alipouona alikasirika mbele ya ampaya, kila mtu aliona kwenye TV, na baadae kidogo huo nao ukabadilishwa. Ule uchawi wa asubuhi ukaisha. Jamie Smith na Brydon Carse wakakaa wakaongeza rani 84, Uingereza wakafika 387. India walipoteza ile mechi kwa rani 22. Fanya hesabu mwenyewe.

Nimeileta hii hadithi kwa sababu inaonyesha wazi kwamba bola ni yuleyule, pichi ileile, asubuhi ileile, wapigaji wa mkiani wale wale, kilichobadilika ni mpira tu na mechi ikahama. Watu wakisema mizani ya bati na mpira iko kwenye vipaji mi nawaelekeza waangalie hiyo saa moja ya Lord's. Mwenye kiwanda alitoka akasema wataichunguza, vizuri, na mi bado Dukes naiweka juu kabisa kwenye mpira mwekundu, ila kwa sharti kwamba udumu na umbo lake.

Kookaburra mwekundu. Hii ni kampuni ya Australia ya tangu 1890, na ndo mpira unaotumika sehemu kubwa zaidi, Australia, New Zealand, Afrika Kusini, Pakistan, Sri Lanka na kwingine. Mistari miwili ya ndani ya mshono inashonwa kwa mkono, ile minne ya nje kwa mashine, na matokeo yake mshono unalala mapema. Ukiwa mpya ni mkali sana, unaruka, unauma mikono, lakini ukishapita kama ova ya 20 kwenye pichi tulivu unanyamaza. Kuanzia hapo mpaka mpira mpya ova ya 80 bola anaishi kwa kasi, kwa urefu, kwa akili na kwa uvumilivu tu.

Waingereza walifanya jaribio la maana sana hapa, wakaingiza Kookaburra kwenye baadhi ya raundi za ligi yao ya kaunti, badala ya Dukes waliyoizoea. Lengo lao lilikuwa zuri, walitaka mabola wao wajifunze kasi na spini maana wakienda Australia swingi ya nyumbani haiendi nao. Basi msimu wa 2025 Surrey wakaipiga Durham rani 820 kwa wiketi 9, Dom Sibley peke yake 305. Mnaona sasa? Nchi ileile, viwanja vilevile, mabola wa ligi ileile, toa mpira weka mpira. Waaustralia nao walishafanya kinyume chake, kwa misimu kadhaa nusu ya pili ya Sheffield Shield, ligi yao ya majimbo, walitumia Dukes ili wajiandae na Ashes (seri yao dhidi ya Uingereza) zinazochezwa Uingereza, halafu wakaacha mwaka 2020 wakarudi kwenye wao.

Na kuna Rawalpindi, Pakistan, Desemba 2022, siku ya kwanza ya Test Uingereza wakapiga 506 kwa wiketi 4, haijawahi kutokea timu ifikishe 500 siku ya kwanza, na watu wanne wakapata senchuri (rani 100) siku hiyohiyo. Multan Oktoba 2024 Harry Brook akapiga 317, Root 262, timu 823 kwa 7. Pakistan walikuwa wameshapiga 556 iningi (zamu ya kupiga) ya kwanza na bado wakapoteza kwa iningi nzima, hebu fikiria unapiga 556 halafu unafungwa iningi. Kilichofuata ni kizuri, Pakistan wakachukua pichi ileile iliyochezewa siku zote hizo wakaikausha wakaitumia tena kwenye Test ya pili, wakawaweka Noman Ali na Sajid Khan, wazee wa spini, wakagawana wiketi zote 20. Mpira uleule wa Kookaburra. Kwa hiyo pichi nayo ina neno lake, sikatai, mpira uliolala ukiupeleka kwenye udongo uliopasuka unaamka.

Tena kuna siku huo huo unaamka kupita kiasi. Cape Town Januari 2024, Afrika Kusini na India, mechi nzima ilichukua mipira (mirusho) 642 tu, hakuna Test iliyopata mshindi ikawa fupi kuliko hiyo. Afrika Kusini walitoka kwa 55, Mohammed Siraj wa India wiketi 6 kwa rani 15, halafu India wakawa 153 kwa 4 wakaishia 153 wote nje, wiketi sita hazikuongeza hata rani moja. Wiketi 23 siku ya kwanza. ICC, wasimamizi wa kriketi duniani, waliipa ile pichi alama mbaya na walikuwa sahihi. Nimeitaja kwa sababu sitaki mtu adhani natetea mabola kwa upofu, mechi ya siku moja na nusu mashabiki walionunua tiketi za siku ya nne wanaibiwa kama tu wale wanaoangalia 823.

Uamuzi wangu kwenye Kookaburra mwekundu, ni mpira mgumu kwa bola wa kawaida na ni mpira unaomtambulisha bola bora. Bumrah alienda nao Australia 2024-25 akachukua wiketi 32 kwenye seri moja kwa wastani wa 13 na kitu, wakati wenzake wanahangaika. Sasa sheria ya mizani haiwezi kuwa Bumrah. Watu kama yule hawazaliwi kila siku, mpira unatakiwa umsaidie na bola wa kawaida anayejituma.

SG nitaipita haraka kidogo. Ni ya India, kiwanda kipo Meerut, inatumika Test za India. Mshono wake umenyanyuka, uzi mnene, unashonwa kwa mkono, na ngozi kwenye viwanja vikavu vya kule inachakaa upesi, kwa hiyo swingi ya mwanzo inaisha mapema lakini spina anaringa. Ravichandran Ashwin alistaafu Desemba 2024 akiwa na wiketi 537 za Test na nyingi kazitoa nyumbani akiwa na huo mshono vidoleni, Ravindra Jadeja vilevile. Virat Kohli, kepteni wa India wakati huo, mwaka 2018 alisema wazi haridhiki na ubora wa SG na angependa Dukes itumike Test kila mahali, kiwanda kikaufanyia kazi mpira. Mi naona kwa mazingira yake SG inafaa. Iko na rivasi, iko na spini, inazeeka na kubadilika, hiyo ndo nataka.

Sasa tuje kwenye mpira mweupe ambao ndo wengi mnauangalia, na hapa ndo nina uchungu. Mechi zote za kimataifa za wanaume za ova 50 na T20 zinachezwa na Kookaburra mweupe. Unapinda ova chache mwanzoni, mbili tatu hivi, ukibahatika zaidi, halafu basi. Halafu mweupe una shida yake ya asili, unachafuka, mpigaji haoni vizuri chini ya taa, ndo maana tangu 2007 walikuwa wanaubadilisha ova ya 34. Mwaka 2011 wakaja na dawa iliyoua mgonjwa, mipira miwili mipya kwenye iningi moja, mmoja kila upande wa pichi. Maana yake iningi ikiisha kila mpira umetumika ova 25 tu. Haujazeeka! Rivasi ikafa kabisa kwenye ova 50, maspina wakawa wanashika kitu kigumu kinachoteleza, na mpigaji ova ya 45 anapigiwa mpira mgumu unaokimbia kwenye bati vizuri. Ukichanganya na sheria ya wadakaji wanne tu nje ya duara kuanzia ova ya 11 mpaka ya 40, bola unamwambia nini? Mwaka 2018 Uingereza walipopiga Australia 481 pale Trent Bridge, Sachin Tendulkar mwenyewe, mtu aliyeishi kwa kupiga, alijitokeza kulalamikia hii mipira miwili. Mpigaji mkubwa kuliko wote akimwonea huruma bola ujue hali ni mbaya.

Ilichukua miaka mingi lakini wamesikia. Tangu Julai 2025 ICC wamebadilisha, mipira miwili inatumika mpaka ova ya 34, halafu timu inayorusha inachagua mmoja wa kumalizia nao. Hesabu yake, kila mpira una ova 17, ukiuchagua mmoja ukaupeleka ova 16 za mwisho unamaliza ukiwa na ova 33 badala ya 25. Ni nyongeza ndogo lakini mi naipokea kwa mikono miwili, maana sasa kepteni anatakiwa kufikiri, huu umechubuka upande mmoja, tuutunze huu, huyu spina arushe upande ule ili ngozi ichakae. Akili imerudi kwenye kutunza mpira. Na kutunza nako kumeguswa, mate yalipigwa marufuku 2020 kwa sababu ya korona na 2022 wakafanya iwe moja kwa moja, mpaka leo kimataifa ni jasho tu. IPL wao 2025 wakaruhusu mate tena, na kwa mechi za usiku wakaruhusu mpira kubadilishwa baada ya ova ya 10 iningi ya pili kwa ajili ya umande, maana mpira ukilowa spina ni sawa na kushika sabuni. Hatua zote hizo nazisifia. Wakati tunadai bola asaidiwe tusisahau pia mkasa wa Cape Town 2018, Steve Smith na David Warner wa Australia walifungiwa miezi 12 kila mmoja na Cameron Bancroft 9 kwa mpango wa kuusugua mpira na msasa. Msaada uje kwa sheria.

T20 ndo mizani imeinama zaidi na sababu nyingine iko kwenye muundo, bola bora duniani anaruhusiwa ova 4 tu, mpigaji bora anaweza kukaa zote 20. IPL wakaongeza mchezaji wa akiba wa kuingia kati, tangu 2023, kwa hiyo timu ina mpigaji wa ziada na watu wanapiga bila woga. Eden Gardens Aprili 26, 2024, Punjab Kings walifukuzia 262 wakafika, Jonny Bairstow 108 mipira 48 hajatoka, zile sita (rani sita kwa pigo moja) zilipigwa 42 kwenye mechi moja. Halafu ndani ya moto huohuo Sunil Narine akatoa rani 24 tu kwenye ova zake 4. Mpira uleule mweupe usio na msaada! Kwa hiyo kuna ujuzi bado, wa kupunguza kasi, wa kuficha vidole, na siku kama ile ndo unaona bola ana thamani gani.

Kombe la Dunia la T20 la Juni 2024 likaenda upande wa pili. Pichi za New York zilikuwa za kuletwa na kupandikizwa, mpira ukawa unaruka huku na kule, Sri Lanka 77 wote nje, India wakalinda 119 dhidi ya Pakistan. Wengi walilalamika, na kweli mpira mwingine ulikuwa hatari kwa mwili wa mtu. Ila fainali Barbados ndo ilikuwa kriketi ninayoililia, India 176, Afrika Kusini wanahitaji 30 kwa mipira 30 na wiketi 6 mkononi, kila mtu ameshawapa kombe, halafu Bumrah akarusha ova mbili hapo zenye rani 6 jumla na akamng'oa Marco Jansen stampu, India wakashinda kwa rani 7. Rani 176 kwa 169, bati lilipata chake na mpira ukapata chake, na hakuna aliyesinzia.

Wa pinki ni wa Test za usiku, zilianza Adelaide Novemba 2015. Umepakwa rangi nzito, jua linapozama na taa kuwaka unakuwa mtihani mkubwa, na hata mchana kuna siku unauma, India walitoka kwa 36 pale Adelaide Desemba 2020, Josh Hazlewood wa Australia wiketi 5 kwa rani 8. Siku nyingine mchana mpira huohuo unaweza kulala kabisa. Kwangu haujakaa sawa, bahati ya saa unayopangiwa kupiga ina uzito mno.

Kwa mnaonunua mipira ya klabu, na hapa naongea kama mtu anayerusha, usinunue kwa jina au kwa rangi. Ushike mkononi. Pitisha kidole gumba kwenye mshono mzunguko mzima, ukikuta sehemu umelala na sehemu umenyanyuka uache hapohapo. Uzungushe juu ya meza nyororo, mpira usio duara unaonekana unavyoyumba. Angalia kama ngozi ni vipande viwili au vinne, wa viwili unafaa mazoezi na ni imara, mechi ya maana chukua wa vinne. Uzito uendane na wanaocheza, wa wanawake ni gramu 140 mpaka 151 na wa watoto ni mwepesi zaidi, 133 mpaka 144, msiwape watoto wa watu mpira wa gramu 160 halafu mshangae wanaogopa kupiga. Nimewahi kuchezea mpira wa bei ya kutupa, jina lake siliweki hapa, mshono ulifunguka uzi ukawa unaning'inia kabla maspina hawajaitwa, na kuanzia hapo wapigaji walifanya walichotaka. Mpira ukilowa ukaushe kivulini, jua na moto vinakakamaza ngozi.

Alama zangu basi. Dukes 8 kwa 10, ingekuwa 9 kama si ile 2025. SG 7. Kookaburra mwekundu 6, unapanda mpaka 7 ukiwa na pichi yenye uhai. Wa pinki 5. Mweupe naupa 4, na hiyo moja ya mwisho nimeongeza kwa sababu ya sheria mpya ya ova ya 34. Najua swali linakuja, kwa nini Dukes isitumike dunia nzima? Viwanja vikavu vinaikwangua ngozi yake upesi, na kushona kwa mkono mpira wa kutosha dunia nzima si kazi ndogo, kwa hiyo sidai hivyo. Ninachodai kwa watengenezaji wa mpira mweupe ni mshono mnene kidogo unaobaki umesimama angalau ova kumi na kitu, na ICC waujaribu kwenye seri moja ya ova 50 tuone mabola wataufanyia nini.